Mwali Mwenye Upinde: Kumsoma May Welland kutoka Mtwara

Wengi wanaosoma riwaya ya Edith Wharton, The Age of Innocence, hutoka na hukumu moja: Ellen Olenska ndiye mwanamke mwenye uhai, na May Welland ni sanamu nzuri isiyojua kitu. Hukumu hiyo naikataa. Ni hukumu ya Newland Archer, mume wa May, na wasomaji wameipokea kutoka kwake bila kuikagua, kwa sababu riwaya yote tunaitazama kwa macho yake. Wharton mwenyewe alituwekea onyo mapema, ndani ya visasili alivyowavika wanawake hawa wawili. Na sisi wa Mtwara na Lindi, tuliokulia katika jamii ambako wasichana hufundwa na wanawake mahali ambapo mwanamume hatii mguu, hatuna udhuru wa kudanganywa na uso mtulivu wa bibi harusi.

Kwa ambaye hajaisoma, habari yenyewe ni hii. Tuko New York, mwanzoni mwa miaka ya 1870, miongoni mwa koo chache tajiri zinazojuana, zinazooana na zinazochungana. Archer, mwanasheria kijana, amemchumbia May, binti wa ukoo wa Mingott. Ellen, binamu yake May, anarejea kutoka Ulaya akimkimbia mumewe, kabaila wa Kipolandi. Archer anampenda Ellen, anamwoa May, na baada ya ndoa moyo wake unabaki kulekule. Mwishowe Ellen anarudi Ulaya na Archer anabaki na mkewe. Wharton alizaliwa katika tabaka hilohilo, New York, mwaka 1862. Aliachana na mumewe mwaka 1913 akiwa Ufaransa, na riwaya hii akaiandika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akiitazama dunia ya utoto wake kutoka ng'ambo ya bahari. Ilitoka mwaka 1920, na mwaka 1921 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer kwa riwaya.

Tuanze na Diana. May anapoingia kwenye hafla nyumbani kwa akina van der Luyden amevaa nguo nyeupe yenye rangi ya fedha, na taji la maua ya fedha kichwani. Msimulizi anamfananisha na Diana aliyetoka mawindoni sasa hivi. Msomaji mwenye haraka anashika weupe wa nguo na urefu wa msichana, basi anapita. Lakini Diana ni nani? Ndiye yuleyule ambaye Wagiriki walimwita Artemi, yule wa Waefeso tunayemkuta katika Matendo ya Mitume. Ni mungu wa kike wa mwezi, wa mwitu, wa ubikira, na wa uwindaji. Actaeon, mwindaji aliyemwona akioga, aligeuzwa kulungu, na mbwa wake mwenyewe wakamrarua. Usafi wa Diana una meno. Mwandishi aliyesoma kama Wharton hakuliokota jina hilo ovyo. Angetaka msichana mpole asiye na hila, visasili vya Kirumi vilikuwa na wengine wa kumpa.

Picha hiyo inarudi Newport, mji wa pwani wa mapumziko ya matajiri hao, kwenye mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale. May ameshaolewa zaidi ya mwaka. Anatoka hemani na upinde wake, nguo nyeupe, utepe wa kijani hafifu kiunoni, majani yamezungushwa kwenye kofia. Anasimama kwenye alama ya chaki iliyochorwa kwenye nyasi, anainua upinde hadi begani, analenga. Hakuna haraka, hakuna kutetemeka. Mwanamume mmoja kando anasifu kwamba katika wote waliopo hakuna anayeshika upinde kama yeye. Beaufort, tajiri wa benki mwenye bustani hiyo, anajibu kwa kejeli kwamba hiyo ndiyo shabaha pekee ambayo May ataipata maishani. Archer anakasirika kusikia hivyo, lakini moyoni anaogopa kuwa Beaufort kasema kweli. May anashinda, na zawadi yake ni bruchi ya almasi yenye umbo la mshale.

Ukisoma mara ya kwanza, maneno ya Beaufort yanapita kama dharau ya mzee wa mjini. Ukisoma mara ya pili, ukiwa unajua mwisho, unaona kwamba hapo ndipo Wharton alipoufunga mtego. Wanaume wote pale uwanjani wanamtazama mwanamke mwenye upinde mkononi, wameuona mshale ukitua katikati ya shabaha, na bado wanakubaliana kwamba hawezi kulenga.

Huku kwetu jambo hilo tunalijua kwa sura nyingine. Msimu wa unyago ukifika, baada ya mavuno, mwali hutolewa nje mbele ya watu. Amefunikwa khanga, amepakwa mafuta, shanga zimemkaa shingoni, macho yametazama chini. Somo wake anamwongoza kwa hatua ndogondogo. Wanawake wanaimba, wanapiga vigelegele, na nyimbo zenyewe zimejaa mafumbo. Yeye hatamki neno. Mgeni anayepita njia ya Newala au Nachingwea siku hiyo atasema ameona mtoto asiyejua lolote. Kila mwanamke aliyepo pale anajua kinyume chake: msichana huyo ndiyo kwanza anatoka kuambiwa mambo ya mwili, ya mume, ya wakwe, ya nini kinasemwa na nini kinafichwa. Kuinamisha macho ni sehemu ya mafunzo. Ni jambo la kwanza alilofundishwa kulifanya vizuri.

Sasa rudi ukurasa wa mwanzo wa riwaya. Tuko kwenye opera, inachezwa Faust, hadithi ya msichana anayeharibiwa na mwanamume mwenye vito. May amekaa amevaa nyeupe, shada kubwa la maua meupe magotini, macho kwenye jukwaa. Mwimbaji anapofika pale msichana anapogundua kuwa anapendwa, mashavu ya May yanaiva wekundu, anainamisha macho, na vidole vyake vyenye glovu vinayagusa maua taratibu. Archer anamtazama kutoka upande wa pili wa ukumbi na anajiambia kwa mapenzi kwamba maskini, hata hajui mchezo unahusu nini. Asiyejua, mashavu yangeivaje palepale, kwenye neno lilelile? Wharton ametuonyesha ushahidi na hukumu kwa pamoja, na hukumu inapingana na ushahidi. Ninashangaa kwamba baada ya zaidi ya miaka 100 bado tunachukua neno la Archer.

Kuna mahali Archer mwenyewe anakaribia ukweli. Akiwa peke yake usiku, anaitafakari tabia ya mchumba wake na anaona kwamba kutojua huko kumetengenezwa. Ni kazi ya mama, shangazi, bibi na mabibi waliokwishakufa, walioshirikiana kumwandalia mwanamume kitu safi cha kukivunja kwa raha yake, kama sanamu ya theluji. Orodha hiyo ya watengenezaji ingeweza kuandikwa Tandahimba. Kosa la Archer ni kuamini kwamba wanawake wote hao, kizazi baada ya kizazi, walijichosha ili kumtengenezea yeye kitu kitupu. Hajiulizi kama walimpa msichana kitu kingine pia, cha kumlinda.

Wamakonde wana simulizi ya asili yao inayomjibu. Karl Weule, mtafiti Mjerumani kutoka makumbusho ya Leipzig, aliiandika alipokuwa uwandani huku mwaka 1906. Mtu mmoja alitoka kwenye msitu wa Mahuta, hanyoi wala haogi. Akachonga umbo la mtu kutokana na mti, akalipeleka makazini kwake, akalisimamisha. Usiku ule umbo likapata uhai, likawa mwanamke. Wakashuka pamoja kwenda kuoga Ruvuma. Mtoto akazaliwa amekufa. Wakaenda bonde la Mbwemkuru; mtoto wa pili naye akazaliwa amekufa. Waliporudi juu, Mahuta, mtoto wa tatu akaishi, na ndiye chanzo cha kabila. Ninachokipenda katika simulizi hii ni kwamba mchongaji anapewa sentensi moja tu ya uwezo wake. Anachonga, anasimamisha, basi. Likishapata uhai, mwanamke ndiye anayezaa, na kabila linakaa pale mtoto wake alipoishi. Archer naye anajiona mchongaji. Anapanga kumsomesha May vitabu, kumfungua akili, kumfanya mwenzi anayelingana naye. Kwamba umbo limekwishapata uhai usiku, yeye akiwa amelala, hilo halimpitii akilini.

Na hapa pana jambo la kihistoria ambalo wahakiki wa kwao hulitaja kwa mbali, ila sisi linatugusa moja kwa moja. Weule alikuja huku moto wa Maji Maji haujapoa, akapima, akapiga picha, akaandika juu ya unyago wa Wayao, Wamakua na Wamakonde kama mtu anayeeleza viumbe wa mbali. Huo ndio ulikuwa mtindo wa wasomi wa Ulaya na Marekani. Wharton, katika riwaya hii, anachukua kalamu ileile na kuigeuzia matajiri wa New York. Anawaita kabila. Anazungumzia matambiko yao ya ndoa. Anasema waliishi kwa alama, ambapo jambo lenyewe halitamkwi wala halitendwi waziwazi. Archer amesoma vitabu vya watu wa kale na anatambua mila hizo sebuleni kwa mama mkwe wake. Hata mkuu wa ukoo ni mwanamke, Bi Catherine Mingott, mzee mnene asiyeweza tena kupanda ngazi, anayekaa chini na kuamua nani apewe fedha na nani asipewe. Sisi tunaotoka katika koo zinazohesabu nasaba kwa mama hatuhitaji kufafanuliwa mamlaka ya bibi wa namna hiyo.

Ellen naye ana kisasili chake, na tofauti kubwa ni kwamba amekichagua mwenyewe. Diana ni jina ambalo wengine wanambandika May. Ellen, akiwa na Archer ndani ya gari la farasi, anasema kwa kinywa chake kwamba alilazimika kumtazama Gorgoni, yule mwanamke mwenye nywele za nyoka ambaye kwa Wagiriki kila aliyemwona aligeuka jiwe. Kisha anakigeuza kisasili. Ni uongo, anasema, kwamba Gorgoni anapofusha watu. Anachofanya ni kuyabana makope yako yabaki wazi, usipate tena giza la kupumzikia. Hayo ni maneno ya mtu aliyeteswa ndani ya ndoa na akatoka akiwa mzima. Yaweke kando ya wasiwasi wa Archer juu ya May, kwamba huenda akimfungua macho yatakuwa kama ya wale samaki wa mapangoni Kentucky, ambao macho yamekufa kwa kutotumika. Mmoja macho hayafumbi, mwingine anadhaniwa hana macho.

Hata maua yamegawanywa hivyo. May anapelekewa kila siku maua madogo meupe. Siku moja dukani Archer anaona mawaridi ya manjano, anahisi yana ukali ambao haumfai mchumba wake, anayapeleka kwa Ellen bila kuandika jina. Mgawanyo huu, mweupe na wa manjano, ndio unaowafanya wasomaji wapange mstari kati ya wanawake wawili na kuchagua upande. Ni mgawanyo wa Archer. Ellen haukubali. Archer anapomwambia waende mahali ambapo watakuwa watu wawili tu wanaopendana, Ellen anamuuliza nchi hiyo iko wapi, na kama amewahi kufika. Yeye amewaona waliojaribu, na anajua walishuka vituo gani. Katika watu watatu hawa, anayeishi kwa ndoto ni mwanamume.

Tufike kwenye karamu, kwa kuwa hapo ndipo uwindaji unapokamilika. May anaandaa chakula cha usiku cha kumuaga Ellen, karamu kubwa ya kwanza ya nyumba yao. Meza imepambwa, koo zote zimekuja, Ellen amekaa mkono wa kulia wa Archer. Katikati ya chakula Archer anazungusha macho na kutambua kwamba wote waliopo wanaamini yeye na Ellen ni wapenzi, kwamba kwa miezi macho mengi yamekuwa yakimfuata kimyakimya, na kwamba kabila zima limekusanyika kumzunguka mkewe. Hakuna aliyeinua sauti. Wharton anaiita njia ya New York ya zamani ya kuua bila kumwaga damu. Anayefukuzwa anapewa kiti cha heshima, anakumbatiwa, anasindikizwa hadi garini. Ni tukio la kutisha kuliko yote katika riwaya, na hakuna kinachofanyika humo zaidi ya watu kula.

Wageni wakiisha kuondoka, Archer anaanza kumwambia May kwamba anataka kusafiri mbali. May anamwambia haitawezekana, madaktari hawatamruhusu yeye aende naye; ana mimba, amepata uhakika asubuhi hiyo. Archer anauliza kama amemwambia mtu mwingine. Mama yake, mama mkwe, na Ellen. Ellen alimwambia lini? Wiki mbili zilizopita. Lakini si amesema uhakika ameupata leo? May anaona haya, ila hayainamishi macho. Anasema hapana, wakati ule hakuwa na hakika, lakini alimwambia Ellen kwamba anayo. Na unaona, nilikuwa sahihi. Macho yake ya buluu yamelowa kwa ushindi.

Hapo Diana anarudi kwa sura yake ambayo watu husahau. Mungu huyo wa kike bikira ndiye Warumi waliyemwita pia Lucina, mlinzi wa wanawake wanaojifungua. Mwindaji na mkunga ni mmoja. Mshale wa mwisho wa May ni mtoto, na aliurusha wiki mbili kabla hajawa na hakika kwamba anao mkononi. Kwetu tungesema huyu kafundwa, na kafundika.

Simsifu. Nasema alijua. Ukisema alijua, lazima useme pia alimtendea Ellen ukatili, kwa uongo wenye hesabu, kisha akamkumbatia mlangoni. Na lazima useme alilipa. Kuna usiku anavaa tena nguo yake ya harusi kwenda opera, na akishuka garini inakwama, inachanika, inapakwa matope. Wharton hafafanui, wala hana haja. Kabla ya harusi, kule Florida, May alimwambia Archer kwamba kama kuna mwanamke mwingine mwenye haki naye, yeye hataki kujenga furaha yake juu ya kumdhulumu mtu. Kwa dakika chache alizungumza kama mtu huru kuliko wote katika kitabu. Archer akastaajabu, akamtuliza, na ujasiri ule ukarudi ndani. Nadhani huo ndio msiba wa May: alilotaka kulisema alilisema mara moja, halikupokelewa, na tangu hapo akafanya kazi kwa njia alizofundishwa. Mafunzo ya bibi na shangazi yanampa msichana silaha, na yanamfunga kwenye vita moja tu, ya kumshika mume. Wanaoulaumu unyago wa leo, kwamba watoto wanapelekwa wadogo mno na wanaandaliwa kwa ndoa kabla ya shule, wana hoja nzito, nami naiunga mkono. Hoja hiyo haitufanyi tuwaone walioupitia kuwa wajinga.

Katika riwaya ya Kiswahili aliyeukataa mgawanyo huu mapema ni Euphrase Kezilahabi. Rosa Mistika, mwaka 1971, ilimbebesha msichana mmoja jina la heshima la Bikira Maria, kisha ikamfanya apite yeye mwenyewe njia zote mbili, ya binti anayechungwa na ya mwanamke anayenyooshewa vidole. Huko hakuna May wa kumlinganisha na Ellen; kuna Rosa peke yake, na jamii inayotaka awe mmoja wao. Wharton aliigawa sura hiyo kwa watu wawili, kisha akawapa wote wawili akili, jambo ambalo Archer halijui mpaka uzeeni.

Analijua Paris. Miaka 26 imepita, May ameshafariki kwa homa ya mapafu baada ya kumuuguza mwanawe. Dallas, mtoto wao wa kwanza, anamwambia baba yake kwamba siku moja kabla ya kufa mama alimwita akamwambia: watoto wako salama na baba yao, kwa sababu aliwahi kuombwa aache kitu alichokitaka kuliko vyote, akaacha. Archer anajibu kwamba May hakumwomba kamwe. Ni kweli, hakumwomba. Kwa miaka yote hiyo aliishi na mtu aliyejua, akala naye, akalea naye, akamzika, akiamini kwamba siri ni yake peke yake.

Wahakiki hubishana kwa nini baada ya hapo, wakiwa wamefika chini ya nyumba anakoishi Ellen hukohuko Paris, Archer anakataa kupanda, anakaa kwenye benchi na kumtuma mwanawe. Wengine wanasema ni heshima kwa May, wengine woga. Archer mwenyewe anajipa sababu, na mimi naichukua kama ilivyo: Ellen ni wa kweli zaidi kwake yeye Archer akibaki pale chini kuliko akipanda. Yaani hata siku hiyo, akiwa amekwishaambiwa kwamba alimkosea mwanamke mmoja maisha mazima kwa kumwona sanamu, anamfanyia vilevile wa pili. Ellen yuko ghorofa ya tano, mtu mzima aliyeishi miaka yote hiyo bila yeye, mwenye mengi ya kumwambia, na Archer anarudi hotelini na yule aliyemchonga.